Mwenzangu nimwite nani kwa Kiingereza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Sikonge, tuna kikundi cha wafuga nyuki, tuko 12, sasa kuna wanunuzi wa nje wanataka asali na mimi ndo naandika barua za Kiingereza. Nikiandika my friends naona kama barua ya mtoto wa shule, nikaweka my partners wakajibu wanauliza kuhusu ubia wetu na nani anabeba madeni. Kamusi inanipa associate, colleague, companion, zote kama kitu kimoja. Nitumie lipi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hao wanunuzi hawakukosea kukuuliza hivyo. Partner kwenye biashara ni neno zito, ukiliandika umewaambia nyie ni wabia, mnagawana faida na hasara na mmoja akikopa kwa ajili ya biashara wengine nao wanadaiwa. Na ukilitoa kwenye biashara ukasema my partner tu, mtu wa Uingereza anaelewa ni mume au mpenzi unayeishi naye. Kwa hiyo kama hamko kwenye ubia liache kabisa, na siku mkiwa nao andika business partner, usiliache peke yake.

Ila shida yako naona imeanzia kwenye Kiswahili, kwenye hilo neno mwenzangu. Sisi mwenzangu ni moja inafanya kazi zote, mwenzangu wa darasani, wa safarini, wa kazini, wa chumbani, hata mwizi ana wenzake, tunasema mwenza halafu tunaongeza mnashiriki nini. Kiingereza kimegawa, karibu kila mnachoshiriki kina neno lake, na ukifukua asili ya hayo maneno unakuta hicho kitu kimekaa humo humo ndani. Companion ni Kilatini, com ni pamoja, panis ni mkate, yaani mtu mnayekula naye mkate mmoja. Comrade ilipitia camarada ya Kihispania, wanaolala chumba kimoja, ndo maana wanajeshi waliishika na baadaye wanasiasa, na sisi wakati wa Ujamaa tukaitana ndugu, sa hivi kwenye mikutano ya chama unasikia komredi. Mate ni ukoo mmoja na meat, ambayo zamani ilikuwa chakula chochote siyo nyama tu, kwa hiyo hapo tena ni kula pamoja.

Halafu kuna fellow, hii naipenda kuliko zote. Imetoka kwa watu wa Skandinavia wa kale, félagi, ile fé ni mifugo au mali na sehemu ya pili ni kuweka, yaani watu waliochanga mali zao wakaziweka pamoja. Si ndo nyie hao na mizinga yenu? Na kwa bahati nzuri ndo neno pekee la Kiingereza linalofanya kazi karibu sawa na mwenzangu ya kwetu, unalitanguliza mbele ya jina la kazi, fellow beekeepers, wafuga nyuki wenzangu, fellow teachers, walimu wenzangu, fellow members, wanachama wenzangu. Usilisimamishe peke yake tu, a fellow ni jamaa fulani, tena imeshakuwa ya kizamani.

Hata rafiki yetu ina historia ya namna hiyo, ni rafiq ya Kiarabu, na kwa Kiarabu huyo ni mwenza wa safari. Ukikumbuka Tabora hii karne ya 19 ilikuwa njia panda ya misafara, watu wanatoka pwani kwa miguu, hapa ndo wanaachana, wengine Ujiji wengine kaskazini mpaka Buganda, unaelewa kwa nini mtu wa kutembea naye miezi alihitaji jina lake. Friend ya Kiingereza haiko hivyo, yenyewe imetoka kwenye kitenzi cha zamani cha kupenda. Siyo neno la kitoto kama unavyodhani, ila linasema mnapendana, na mnunuzi wa asali anataka kujua mnafanyaje kazi.

Colleague inataka ofisi au taaluma, manesi kwa manesi, mahakimu kwa mahakimu. Wewe na mama anayerina asali msituni na nyuki wake si colleagues, haikai. Na tafadhali angalia spelingi, barua nyingi sana za kuomba kazi nazosahihisha mtu ameandika college, kwa hiyo anasema anaelewana vizuri na chuo, na ni kosa dogo linalomkosesha mtu nafasi aliyostahili.

Associate ipo mbali kidogo. Business associate ni mtu mnayefanya naye biashara bila kuwa wabia, kama yule wa lori anayewapelekea ndoo za asali mjini, na kwenye ofisi za mawakili associate ni wakili aliyeajiriwa, bado hajawa partner. Ukiiacha peke yake inaweza kuleta harufu mbaya, maana ndo neno polisi wa huko wanatumia kwa watu wanaozunguka na mshukiwa. Accomplice usiiguse, huyo ni mwenza wa kwenye uhalifu. Companion iache kwa safari, au kwa mtu anayekaa na mzee asiwe mpweke.

Kwa hiyo wewe andika, We are a group of twelve beekeepers in Sikonge, na ukifika mbele, My fellow members and I harvest the honey ourselves. Kama mmesajiliwa kama ushirika weka cooperative badala ya group. Wa lori mwite our transporter, kazi yake inatosha kumtaja. Na ile barua ya kwanza usiiache hivyo, waandikie leo leo kwamba nyie ni wanachama wa kikundi, hamna ubia, kabla hawajatuma mkataba wenye neno partners ukakuta watu 12 wameshasaini.