Maisha mapya yanaonekana wapi? Nililoliona kwa baba yangu

Ndugu mleta uzi, Bwana Yesu asifiwe.

Umeuliza mambo mawili. La kwanza, huu ni mwaka wa pili tangu uokoke, pombe umeacha, ibada hukosi, lakini mkeo amekuambia waziwazi kwamba haoni tofauti. La pili, mchungaji wenu amefundisha Wakolosai 3, "Yafikirini yaliyo juu, siyo yaliyo katika nchi", na wewe ni mfanyabiashara wa mahindi. Unajiuliza kama mtu anayeshinda kwenye magunia anaweza kweli kuishi akiitazama mbingu, au ni lazima aache biashara kwanza. Mimi naona maswali hayo ni swali moja, na nitakuambia kwa nini.

Sijasoma theolojia. Nililelewa na mtu aliyebadilika, na alibadilika nikiwa na umri wa kutosha kuelewa. Nilimjua baba wa kabla na baba wa baada, katika nyumba ile ile.

Sisi ni watu wa Muleba, mkoani Kagera, na baba alikuwa mtu wa butura. Kwa wasiojua, butura ni kununua kahawa ikiwa bado mtini. Mkulima anabanwa mwezi wa kwanza, ada ya mtoto au mgonjwa yuko hospitali, na kahawa haitavunwa mpaka mwezi wa tano au wa sita. Tajiri anakuja, anazunguka kibanja, yaani shamba la nyumbani, anaangalia miti ilivyotoa maua, anataja bei. Bei hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na kile ambacho mkulima angepata kama angevuna mwenyewe na kupeleka kahawa yake iliyokaushwa na maganda yake kwenye chama cha msingi cha ushirika. Lakini chama kinalipa baada ya mavuno, tena kwa awamu, na mgonjwa hasubiri awamu. Basi anapokea. Msimu ukifika anavuna, anaanika, anajaza magunia, mzigo wote unaondoka na mwenye pesa, naye anaanza mwaka mwingine mikono mitupu, tayari kwa butura nyingine. Serikali inaikataza, na bado ipo. Kule Mtwara na Lindi korosho nazo zina kangomba yao, kwa hiyo ndugu zangu wa Kusini mnanielewa.

Miaka ya 1980 kwetu ilikuwa ya misiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana kabla ya kulijua jina lake. Kufikia 1988 kulikuwa na vijiji ambavyo havikumaliza matanga ya huyu kabla ya kuanza ya yule. Wajane walibaki na vibanja, watoto, na madeni ya matibabu na mazishi. Kwa mtu wa butura, hiyo ilikuwa miaka ya neema. Hata sare yangu ya shule ilinunuliwa kwa fedha hiyo, kwa hiyo siongei habari za mtu wa mbali.

Baba aliokoka mwaka huo wa 1988, kwenye mkutano wa Uamsho. Vijana wengi humu mkisikia uamsho mnafikiria mkesha na vipaza sauti. Huu ninaousema mimi ni ule wa wazee wetu. Mwanzo wake unasimuliwa tangu Septemba 1929, pale kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alipokutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakakaa siku mbili na Biblia na maombi. Church akarudi kwenye hospitali yake ya Gahini, Rwanda, na katika miaka ya 1930 moto ukatoka huko ukaenda Kigezi na Ankole, Uganda, ukavuka mpaka kuingia Buhaya, kwetu Kagera. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho huo.

Ndugu wa Uamsho walikuwa na mambo mawili ambayo leo siyaoni sana. Moja waliliita kutembea nuruni: unakutana na wenzako, unasema dhambi kwa jina lake, huifunikii. La pili lilikuwa kutengeneza. Ukishatubu kwamba uliiba, unarudisha. Walikuwa wanarudisha kwa waajiri, kwa majirani, kwa serikali ya mkoloni hata pale ambapo hakuna aliyekuwa anawadai. Luka 19 kwao ilikuwa habari ya kutekelezwa, maana Zakayo hakungoja Yesu amwambie. Alisimama mwenyewe akasema aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne.

Sasa nikupeleke mezani kwetu.

Baba alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 96, jalada limeshika mafuta ya taa. Kila ukurasa jina la mwenye kibanja, idadi ya miti, fedha aliyopewa, na mwaka. Aliyekwisha kutoa kahawa aliwekewa alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu. Kama wiki mbili baada ya mkutano ule alilitoa usiku, akawasha taa, akaanza kulisoma kuanzia mwanzo. Mama alidhani anapanga msimu. Alikuwa anaandika pembeni, kwa kila jina, kahawa ile ingeleta kiasi gani chama cha msingi mwaka ule. Kazi hiyo ilimchukua siku kadhaa kwa sababu alikwenda hadi chamani kuuliza bei za misimu iliyopita. Hilo lilinishangaza kuliko hata machozi ya mkutanoni. Mtu aliyekuwa anakadiria maua kwa jicho ili ampunje mwenzake, sasa alikuwa anatafuta bei kamili ili ajue deni lake mwenyewe.

Alinichukua nimsaidie kubeba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mjane, miti yake ilikuwa imeshauzwa kwa msimu uliokuwa unakuja. Alipotuona alisimama mlangoni, hakutukaribisha ndani. Akasema, "Waitu, kahawa nimeshakupa. Umefuata kibanja?" Baba alishindwa kujibu kwa muda. Halafu akamwambia kahawa ni yake, avune apeleke chama, na ile fedha aliyochukua ataihesabu kuwa mkopo wa kawaida, arudishe ile ile bila nyongeza, akishindwa asirudishe. Yule mama hakushangilia. Alimuuliza nani atakuja kudai kesho. Alitaka iandikwe, na mashahidi wawepo. Baba akaandika, jirani mmoja akaitwa, wakatia sahihi, mama yule akaweka dole gumba.

Nimeikumbuka mara nyingi ile dole gumba ninaposikia mtu akilalamika kwamba ameokoka na watu hawamwamini. Uliowaumiza wana haki ya kukuchunguza. Wape muda, tena wape karatasi.

Palipokuwa na fedha alirudisha fedha. Ilipokwisha aliuza pikapu. Wengine walikuwa wameshafariki, akatafuta watoto wao. Mzee mmoja alikataa kupokea, akamfukuza kwa maneno makali mbele yangu, na baba akasema, "Una haki, mzee wangu," tukaondoka. Wenzake wa biashara walisema kachanganyikiwa.

Hapa ndipo najibu swali lako la Wakolosai. Watu wengi wanaisoma ile aya ya pili wanaishia hapo, wanadhani Paulo anawaambia waache kujali dunia. Endelea kusoma. Baada ya kusema yafikirini yaliyo juu, anashuka moja kwa moja kwenye tamaa ya mali, hasira, matusi, uongo. Halafu anaingia nyumbani, mke na mume, baba na watoto wasije wakakata tamaa. Halafu kazini, mpaka 4:1 anawaambia mabwana wawape watumwa wao yaliyo haki. Kuyafikiri ya juu kumemshusha hadi kwenye malipo ya kibarua. Na Wathesalonike, waliokuwa wakimngojea Bwana kwa hamu kuliko sisi, aliwaambia watulie, wafanye kazi kwa mikono yao. Anayeamini kwa dhati kwamba atasimama mbele za Mungu kutoa hesabu anaanza kuzitengeneza hesabu zake mapema, na hesabu hizo ziko hapa chini, zina majina ya watu.

Baba hakuwa msemaji wa mbinguni. Lakini tulizika sana miaka ile, na nadhani aliposimama kwenye makaburi yale aliona wazi kwamba gunia halivuki. Alianza kulipa vibarua jioni ile ile ya kazi. Aliacha kupandisha sauti mezani. Zamani tukisikia mlango unafunguliwa tulikuwa tunatawanyika, na mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kukimbia. Na watoto hawajui kuigiza. Ukitaka kujua kama umebadilika, angalia wanao wanafanya nini ukiingia ndani.

Kuhusu mkeo, nakuomba usimchukulie kama kikwazo cha imani. Mama yangu alikuwa Mkristo kabla ya baba, na lile jambo lilimuumiza. Tulihama shule, nyama ikawa ya sikukuu, na siku moja nilimsikia akimwambia, "Umetubu wewe, tunalipa sisi." Alikuwa na haki. Baba alikuwa ameuza pikapu bila kumwambia. Aliweka hilo nalo nuruni, alimwomba msamaha mbele ya wazee wawili wa ushirika wa waumini, na kuanzia hapo hakuna ukurasa wa daftari uliofungwa bila mama kuuona. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mama alipoamini. Mume aliyekuwa anaamua kila kitu peke yake, hata kutubu aliamua peke yake, na siku alipoacha hilo ndipo mke alipoona mtu mpya. Wewe umeacha pombe, Mungu apewe sifa, lakini muulize mkeo yeye alikuwa analia kwa sababu gani. Huenda pombe haikuwa ya kwanza kwenye orodha yake. Muulize, halafu unyamaze umsikilize, usijitetee.

Kuna mchangiaji hapo juu ameandika kwamba wema wa kweli haupaswi kuonekana, akitaja Mathayo 6 kuhusu kufanya wema machoni pa watu. Ni kweli, lakini Yesu huyo huyo sura moja nyuma, 5:16, alisema nuru yetu iangaze watu wayaone matendo yetu mema wamtukuze Baba. Sioni mgongano. Baba hakuwahi kusimama kanisani kutoa ushuhuda wa nani alimrudishia nini, kwa sababu ungewaaibisha waliokuwa na shida. Alikiri kwamba alikuwa mtu wa butura, majina hakutaja. Habari zilienea kwa midomo ya wale wale waliorudishiwa. Kwenye mazishi yake aliyezungumza kwa muda mrefu kuliko hata mchungaji alikuwa jirani yetu Mwislamu, ambaye alisema alikuwa anampa baba fedha zake amtunzie bila kuhesabiana.

Na niseme jambo ambalo halipendwi siku hizi. Baba hakurudishiwa. Hakupata pikapu nyingine, hakupata mara mia ya mali. Alikufa akiwa na kibanja, baiskeli na watoto waliosoma kwa shida. Nimewasikia wahubiri wakisema toa, utapokea gari, na inanichoma, kwa sababu ukimfundisha mtu kutoa ili apate umembakiza palepale kwenye butura, sasa anakadiria maua ya Mungu. Baba alitoa kwa sababu vitu havikuwa vyake. Alilala usingizi mzuri na hilo lilimtosha, nasi tulimwona.

Sasa mahindi yako. Usiache. Tunahitaji watu waliookoka hasa sokoni. Lakini angalia fedha unazowapa wakulima kabla ya mavuno: je, bei unayowapangia ungeikubali ingekuwa wewe ndiye mwenye mtoto hospitalini? Angalia magunia, kama ni lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo, shona gunia la kawaida upime kwa kilo, hata wenzako wakikucheka. Angalia mizani yako, ipeleke ikakaguliwe. Vibarua wa kupakia, walipe kabla hujala. Kama kuna mkulima unajua ulimpunja, anza na huyo mmoja, wiki hii, na mkeo awe anajua kiasi na jina. Wasiotaka kukusamehe, waachie nafasi ya kukasirika.

Utapata hasara misimu ya kwanza, sikufichi. Ukikwama kwenye namna ya kuwapata waliohama au waliofariki, niandikie, nitakueleza wazee wetu walivyofanya.