Maswali na Majibu: Mikono Usukanini, Adabu Uwanjani

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaopeleka magari yao ya kawaida kwenye uwanja wa mbio, siku za kujifunza, bila kushindana. Nimeyafupisha.

Mwalimu, shule ya udereva walinifundisha kushika usukani saa nne na saa nane. Uwanjani naambiwa saa tatu na saa tisa. Nani mkweli?

Kwanza tuelewane kuhusu saa. Nazungumzia mshale wa saa yetu ya Kiswahili: saa nne na saa nane mikono iko juu kidogo, pande mbili. Ukizifuata tarakimu za kwenye uso wa saa utajikuta umeshika chini. Saa tatu na saa tisa hazina utata, kwa sababu ukisoma mshale au tarakimu, jozi ni ile ile.

Uwanjani shika hapo, kushoto kabisa na kulia kabisa, wala usiachie. Kona nyingi za uwanja hazidai zaidi ya nusu mzunguko wa usukani, na mikono isiyohama hukuambia wakati wote magurudumu yanaangalia wapi. Gari likianza kuteleza, habari hiyo ina thamani kuliko nguvu za mabega. Kona kali kabisa ikija, hamisha mkono mmoja kabla ya kuingia, usingoje ufike katikati.

Kuhusu kiti: mgongo ukiwa umeegemea, nyoosha mkono, na kifundo kifike juu ya usukani. Kisipofika, sogeza kiti. Halafu legeza vidole. Shika kama unavyomshika mtoto mnapovuka barabara: hachomoki, wala haumii.

Kwenye kona ndefu gari langu linakataa kukata. Nakunja usukani zaidi, nalo linazidi kwenda nje. Tairi mbovu?

Huenda tairi ni nzima, ila unazidai deni zisiloweza kulipa. Tairi ina akiba moja ya mshiko, na akiba hiyo hugawanywa kati ya kufunga breki, kukata kona na kuvuta. Umeingia na kasi kubwa, tairi za mbele zimeshatumia zote, nawe unaongeza usukani. Zinaanza kukwaruza badala ya kukata.

Niliwahi kukaa pembeni ya kijana mwenye tatizo hili hili. Kona ilikuwa ya kulia, ndefu. Tairi zilianza kulia, akakunja. Zikalia zaidi, akakunja tena, hadi viwiko vikapishana. Nikamwambia, "Rudisha usukani kidogo, punguza mafuta taratibu." Akanitazama kama niliyemwambia aruke dirishani, lakini alirudisha, upana wa vidole vitatu hivi. Kelele ikashuka, usukani uliokuwa mwepesi ukawa mzito tena mikononi mwake, pua ikaingia ndani.

Uzito ule ndio wa kuutafuta. Usukani ukiwa mwepesi ghafla katikati ya kona, tairi za mbele zimeachia. Usiongeze. Na mzunguko unaofuata, funga breki mapema zaidi.

Na mkia wa gari, yaani sehemu ya nyuma, ukichomoka?

Tazama unakotaka kwenda, mikono ifuate macho. Mkia ukitoka kwenda kushoto, usukani nao unaelekea kushoto. Hilo wengi wanalijua. Wanachosahau ni kuurudisha haraka gari linaponyooka, na hapo mkia hurushwa upande wa pili kwa hasira zaidi. Mara nyingi chanzo ni mguu: umeogopa katikati ya kona ukaachia mafuta ghafla, uzito ukahamia mbele, nyuma kukabaki kwepesi.

Gari likishazunguka huwezi tena kuliokoa. Kanyaga klachi na breki pamoja mpaka lisimame. Na ikiwa magurudumu mawili yameingia kwenye nyasi, usiyavute kwa nguvu kurudi. Nyoosha, punguza mwendo, rudi polepole.

Gari la nyuma limenibana. Nimpishe kwenye kona?

Hapana. Kona yako imalize kwa njia yako ya kawaida, maana yeye anapanga yake kwa kuitazama yako. Mkifika sehemu iliyonyooka, mpe ishara ya upande uliotajwa kwenye maelekezo ya asubuhi, kwa mkono au indiketa kama mlivyoambiwa, kisha punguza mafuta kidogo apite. Bendera ya bluu maana yake ni hiyo: kuna mwenye kasi nyuma yako. Ya njano, punguza mwendo na usimpite mtu. Nyekundu, kipindi kimesimamishwa, rudi polepole.

Ukiwa wewe ndiye wa nyuma, usipite bila ruhusa, hata akikukera. Na hapa niseme waziwazi: mkosefu mkubwa kuliko wote ni mwenye injini kubwa anayetambaa kwenye kona, kisha akifika kwenye mstari ulionyooka anakanyaga mafuta asipitwe. Amepitwa tayari, ila hajakubali.

Nikimaliza, naegesha tu?

Zunguka mara moja taratibu bila kutumia breki sana, zipoe. Ukiegesha, usivute breki ya mkono zikiwa za moto. Weka gia na kabari chini ya gurudumu. Kisha kagua nati za magurudumu kabla ya kurudi uwanjani.