Anayesimulia ni Nani: Ojwang' au Wanjau?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mwezi uliopita nilinunua kwa shilingi 150, kwa wale wauzaji wa vitabu wa inama katika Barabara ya Tom Mboya, kumbukumbu za maisha ya mchekeshaji wa Marekani, Bob Newhart, zilizochapishwa mwaka wa 2006 alipokuwa akikaribia umri wa miaka 80. Nilitarajia maisha yaliyopangwa tangu kuzaliwa, kama tawasifu tulizofundishwa shuleni, lakini mzee huyu anaruka kutoka kisa hadi kisa, na kila ninapodhani amefika penye uchungu anatupa mzaha na kuondoka. Isitoshe, vichekesho vyake ambavyo mdogo wangu huvisikiliza kwenye simu akacheka hadi machozi, mimi nikivisoma natabasamu tu. Na je, niamini kwamba alipokuwa mhasibu alisawazisha hesabu kwa pesa za mfukoni mwake? Nahofia nimetupa pesa zangu.
Msomaji wa kike, Umoja, Nairobi

JIBU: Salamu zimefika, dada. Nianze na hilo la uhasibu, kwa kuwa ndilo jepesi. Newhart, aliyezaliwa mwaka wa 1929 karibu na Chicago, alisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Loyola mjini humo na kweli aliwahi kuwa mhasibu. Kisa cha fedha za matumizi madogo alikisimulia mara nyingi: kila jioni risiti na fedha zilizobaki zilipaswa kulingana, hazikulingana, naye akiona amekwisha kupoteza saa nzima akitafuta dola moja na ushei, akaijazia kutoka mfukoni, na siku fedha zilipozidi akazichukua yeye. Kazi ya uhasibu si ya kutilia shaka. Ama kwamba mambo yalikwenda hivyo hasa, kisa kilichosimuliwa mbele ya watu kwa miongo kadhaa hulainika kama mpini wa jembe la zamani, na usitafute tena magamba ya mti wenyewe. Mimi nakiamini kwa kiasi hicho tu, na kicheko hakipungui.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako, maana kabla ya kuuliza kama jambo ni kweli inafaa kwanza kuuliza ni nani anayelisema. Sisi tuliokulia mbele ya runinga ya taifa tulimjua Mzee Ojwang' wa Vitimbi na lafudhi yake ya Kijaluo, na hali Benson Wanjau, aliyemwigiza na ambaye alifariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu. Wanjau angeandika kitabu, msomaji angetaka kusikia sauti ya Ojwang' tangu ukurasa wa kwanza, na Wanjau mwenyewe angelazimika kuchungulia kwa nyuma, mara moja moja. Newhart hakuvaa vazi wala lafudhi ya kabila jingine, lakini naye alikuwa na Ojwang' wake: karani mpole, mwenye kigugumizi kidogo, anayejaribu kuwa na adabu mbele ya mambo ya kichaa. Huyo karani ndiye anayekusimulia. Ukimdai karani huyo akueleze uchungu wake kwa mpangilio wa miaka, unamdai asiyeweza kulipa.

Mwenye karani, hata hivyo, huchungulia. Chukua habari ya mwaka wa 1960. Kampuni ya sahani za santuri ya Warner Bros. ilikuwa imesikia kanda zake, ikataka kumrekodi mbele ya watazamaji katika klabu, naye alikuwa hajapata kuchekesha watu katika klabu yoyote. Klabu ikabidi itafutwe, ikapatikana Houston, Texas, na mwezi wa Februari akapanda jukwaani akiwa na miaka 30. Santuri hiyo ilifika kileleni mwa chati za Marekani, jambo ambalo hakuna santuri ya vichekesho iliyokuwa imelifanya, na ikampa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Mchekeshaji hulisimulia jambo kama hilo kana kwamba aliteleza tu akaangukia ufanisi. Wewe funga kitabu kidogo, umfikirie mtu aliyeacha mshahara wa kila mwezi, amesimama nyuma ya pazia katika mji asioujua, na mashine ya kurekodi imekwisha kuwashwa. Uchungu uliokuwa ukiutafuta uko hapo, umefunikwa kwa kawa.

Sasa kicheko. Vichekesho vilivyomtajirisha Newhart ni vya simu: husimama peke yake, huzungumza na mtu wa upande wa pili asiyesikika, na watazamaji hujijazia wenyewe maneno ya yule mwingine. Sanaa hii unaijua, dada, kwa sababu umepanda matatu. Kumbuka abiria anayesema kwa sauti kuu, "Ndiyo, nimeshafika Globe," nanyi nyote mko Roysambu, gari halijasogea kwa robo saa. Ananyamaza. "Kelele? Kelele gani?" Ananyamaza tena, muda mrefu zaidi. "Ah, hiyo ni ya hapa Globe." Matatu nzima inacheka, na kilichowachekesha ni kule kunyamaza, kwa sababu ndani yake kila mmoja wenu amemsikia mke, au mdai, anavyouliza. Kwenye karatasi kunyamaza huko ni vitone vitatu, na jicho lina haraka, huvipita bila kusimama.

Lipo pia suala la ugeni. Katika kichekesho chake mashuhuri, mtu wa matangazo ya biashara anampigia simu Rais Abraham Lincoln kabla ya hotuba ya Gettysburg ya mwaka wa 1863, akiwa amekasirika kwamba Rais amebadilisha maneno aliyoandikiwa. Lincoln halisi alifungua hotuba hiyo kwa namna ya zamani ya kuhesabu, ambayo kwa Kiswahili tungesema "korija nne na miaka saba", na katika kichekesho inaonekana Rais ameona ni rahisi kusema 87. Mwamerika ameikariri hotuba hiyo tangu utotoni, kwa hiyo hucheka papo hapo. Wewe na mimi tunapiga hesabu kwanza ndipo tucheke, na kicheko kilichopigiwa hesabu hufika kimechoka. Hilo si kosa lako wala si upungufu wa Kiingereza chako.

Ushauri wangu: mwombe mdogo wako hizo rekodi, usikilize mbili au tatu hadi sauti ya mzee ikukae sikioni, kisha urudi kitabuni na kusoma kwa sauti, kurasa chache kila jioni. Kigugumizi kile kitarudi chenyewe. Inasemekana aliwahi kuombwa akipunguze ili kipindi kisizidi muda, akajibu kwamba kigugumizi hicho ndicho kilichomnunulia nyumba Beverly Hills.

SWALI: Mwalimu, babangu amestaafu na macho yake hayaoni vizuri tena. Alikuwa mpenzi mkubwa wa Vitimbi na Vioja Mahakamani. Je, kumbukumbu za wachekeshaji wa ng'ambo zinaweza kumfurahisha nikimsomea kwa Kiswahili?
Msomaji wa Buruburu

JIBU: Zinaweza, na wewe una bahati kuliko dada wa Umoja, kwa kuwa babako atakisikia kitabu badala ya kukiona. Usianze na sura ya kwanza. Anza na kisa cha karani na fedha za ofisi, maana mzee aliyestaafu humjua mtu wa namna hiyo kwa jina. Kama umechukua hicho cha Newhart, ukifika kwenye simu ya Lincoln usimweleze matangazo ya biashara ya Marekani yalivyokuwa. Mwambie huyu ni mmoja wa wale wanaowaandikia wagombea kaulimbiu za mabango, halafu endelea. Na kila penye vitone vitatu, nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi tatu. Akianza kucheka ukiwa mbilini, usiendelee kuhesabu.