Thairoidi ilitolewa, lakini mtoto bado anafaa kuangaliwa

Dada, umeuliza kama thairoidi, ile tezi ya shingoni, ilishatolewa juu ya Graves (ugonjwa wa kinga ya mwili kuchochea thairoidi ifanye kazi kupita kiasi) na sasa uko wiki ya 20 ya mimba, kuna haja ya kumwangalia mtoto. Iko, na hapo ndio wengi hupitwa, mtu anaona TSH yako (kipimo cha damu cha thairoidi) iko sawa na vidonge anakuambia nenda tu mama. Shida si tezi, ni zile antibodi (chembe za kinga ya mwili zinazoleta Graves), zinaweza kubaki kwa damu miaka hata baada ya operesheni, zinapita kwa kondo la nyuma zinaenda kuchokoza thairoidi ya mtoto. Itisha kipimo cha hizo antibodi kinaitwa TRAb sasa hivi, si kila maabara hapa Nairobi inakifanya kwa hivyo piga simu kwanza uulize na bei. Ikizidi kiwango cha juu cha kawaida mara 3, mtoto anafuatiliwa kwa skani, wanaangalia moyo kama unapiga zaidi ya 160 kwa dakika na hautulii, uvimbe shingoni, na kama anaongeza kilo vizuri. Halafu vidonge vya kuongeza damu (vya madini ya chuma) vya kliniki usimeze pamoja na levothairoksini, vile vidonge vyako vya thairoidi, weka masaa 4 katikati. Na daktari wa watoto aambiwe kabla ujifungue.