Singur: Wakulima walirudishiwa ardhi, kwa nini kampuni nayo ilipwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Mahakama ya Juu ya India iliamuru mashamba ya Singur, yaliyotwaliwa kwa ajili ya kiwanda cha magari cha Tata Motors, yarudishwe kwa wakulima, na kwamba waliokwisha kupokea fidia hawakutakiwa kuirejesha. Baadaye nikasoma kuwa kampuni nayo imeshinda madai ya mabilioni ya rupia kutokana na ardhi ileile. Inawezekanaje pande mbili zilizokuwa zikivutana zishinde zote?

JIBU: Ndugu msomaji, zilishinda zote kwa sababu hazikuwa zikidaiana zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ilikuwa na dai lake dhidi ya upande wa serikali ya jimbo la West Bengal, na misingi ya madai hayo ilikuwa tofauti kabisa.

Mwaka 2006 serikali hiyo ilitwaa takribani ekari 997 kwa kutumia Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1894, sheria ya kikoloni ambayo India huru iliendelea kuitumia kwa zaidi ya miaka 60. Ilieleza kwamba ardhi inatwaliwa kwa manufaa ya umma, kisha shirika lake la maendeleo ya viwanda likaikodisha sehemu kubwa kwa Tata Motors. Wakulima wengi walikataa fidia, maandamano yakapamba moto, na mwaka 2008 kampuni ikahamishia mradi Sanand, katika jimbo la Gujarat, ikiacha majengo yaliyokwisha kusimama.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ilitolewa tarehe 31 Agosti 2016, nayo inastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyosimuliwa. Wengi hudhani mahakama ilitamka kwamba kiwanda cha kampuni binafsi hakiwezi kuwa manufaa ya umma. Majaji wawili waliosikiliza shauri hawakukubaliana juu ya jambo hilo. Jaji Gopala Gowda aliona kwamba ardhi ilitwaliwa kwa ajili ya kampuni, hivyo serikali ilipaswa kufuata utaratibu mkali zaidi ambao sheria iliuweka kwa kampuni. Jaji Arun Mishra aliona kwamba kiwanda chenye kuleta ajira na maendeleo kinaweza kuhesabiwa kuwa manufaa ya umma. Walichokubaliana ni kwamba mapingamizi ya wenye ardhi hayakusikilizwa ipasavyo. Sheria iliwapa haki ya kupinga kabla ya uamuzi, na haki hiyo ilitimizwa kwa jina tu. Kwa maoni yangu huu ndio msingi imara zaidi, kwa kuwa maana ya manufaa ya umma hubishaniwa bila kikomo, ilhali kumbukumbu za usikilizaji huonyesha waziwazi kama hoja ya mkulima ilijibiwa au ilipuuzwa. Utwaaji ukabatilishwa, ardhi ikaamriwa irudishwe ndani ya wiki 12, na fidia ikaachwa mikononi mwa waliolipwa kwa kuwa walikuwa wamekosa riziki ya mashamba yao kwa miaka kumi.

Dai la kampuni lilihusu hasara ya mtaji iliouwekeza, na mdaiwa alikuwa shirika lililoikodisha ardhi. Mwezi Oktoba 2023 wasuluhishi watatu waliipa kampuni tuzo ya rupia bilioni 7.66 hivi, pamoja na riba ya asilimia 11 kwa mwaka kuanzia Septemba 2016. Mzigo huo, bila shaka, ni wa fedha za umma.

Unaweza kuuliza kama hayo yangetokea chini ya sheria ya sasa. Sheria mpya, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2014, inataka asilimia 80 ya familia zinazoguswa ziridhie pale ardhi inapotwaliwa kwa ajili ya kampuni binafsi, na athari za kijamii zichunguzwe kwanza. Kuhusu ardhi iliyokaa miaka mitano bila kutumika, kifungu cha 101 kinaruhusu irudishwe kwa wenyewe au warithi wao, ama iingizwe katika akiba ya ardhi ya serikali. Uchaguzi kati ya njia hizo mbili umeachiwa serikali, na hapo ndipo ninapotarajia mashauri mengine yazuke.