Kimeng'enya kinacholinda moyo, na kopo la shangazi

Kikombe cha chai kilikuwa kinagongagonga kisosi. Kaka alikishika kwa mikono miwili, na bado mikono ilitetemeka. Tulikuwa na miezi michache tu tangu turudi kutoka Chennai, India, alikopandikizwa moyo, na mimi niliyemuuguza kule nilidhani tetemeko lote lilibaki hukohuko. Vipimo vya damu vilipotoka, takrolimasi, dawa yake kuu ya kushusha kinga, ilikuwa imepanda mno, na figo zilishaanza kulalamika.

Daktari aliuliza swali moja: "Kuna kitu kipya anameza?" Kilikuwepo. Kopo la vidonge vya manjano na pilipili manga, zawadi ya shangazi, lililokuja pamoja na ujumbe wa WhatsApp: wanasayansi wamegundua kimeng'enya kinachozuia moyo wa kupandikizwa usikataliwe na mwili, na manjano hukiamsha.

Kilichonitesa ni kwamba ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Kimeng'enya kipo, kinaitwa hemu oksijenezi-1, na wewe umeshakiona kikifanya kazi. Ukijigonga damu ikavilia, ngozi huanza na weusi wa zambarau, ikaingia ukijani, ikaishia manjano. Kimeng'enya hicho ndicho kinachoivunja hemu, ile sehemu ya damu yenye chuma: kwanza inatoka bilivadini ya kijani, kisha kimeng'enya kingine kinaigeuza kuwa bilirubini ya rangi ya manjano. Katika kuvunja huko hutoka pia chuma na kiasi kidogo sana cha kaboni monoksidi, gesi ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliofunga madirisha.

Mwaka 1998 kundi la Fritz Bach na Miguel Soares, Boston, lilipandikiza mioyo ya panya wadogo wa maabara ndani ya panya wakubwa waliopewa dawa za kutuliza kinga. Moyo huwekwa tumboni, na mtafiti huupima kwa kugusa tumbo kwa kidole: unadunda au umenyamaza? Mioyo yenye uwezo wa kutengeneza kimeng'enya hiki iliendelea kudunda. Iliyotoka kwa panya wasio na jeni yake ilikataliwa ndani ya siku chache. Mwaka 2001 wakaonyesha kwamba hata kimeng'enya kikizuiwa, panya akivutishwa kaboni monoksidi kwa kipimo kidogo, moyo unapona. (Soares baadaye alikwenda Ureno, akakuta kimeng'enya hikihiki kinawakinga panya na malaria ya ubongo, na kwamba kinahusika katika kinga ambayo chembe ya selimundu inampa mtu dhidi ya malaria. Kwetu sisi huku, hiyo peke yake ingestahili makala.)

Ila panya wale walikuwa kwenye dawa. Na manjano kuamsha kimeng'enya kwenye seli ndani ya kisahani cha maabara si sawa na kidonge kilichomezwa na binadamu mwenye moyo wa mtu mwingine kifuani.

Kimeng'enya kilichotakiwa kutukosesha usingizi ni kingine kabisa: CYP3A4, kilichoko kwenye ini na utumbo, kinachoivunja takrolimasi. Ukikizuia, kama huenda vidonge vya shangazi vilivyofanya, dawa inajaa mwilini. Ukikichochea, dawa inaisha, na kinga inauvamia moyo. Kina ndugu yake, CYP3A5, ambaye kwa Waafrika wengi yuko macho. Ndiyo maana wengi wetu huhitaji dozi kubwa kuliko wenzetu. Kule wodini nilimwona kaka akimeza vidonge vingi kuliko jirani yake wa kitanda nikadhani wamekosea. Nilitaka hata kugombana.

Basi kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, balungi asile, wala juisi yake. Akienda zahanati kwa kikohozi, aseme kabla hajaandikiwa chochote, kwa sababu klarithromaisini hupandisha dawa na rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya sana. Siku ya kupima kiwango, damu itolewe kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Sisi tuliwahi kumeza kwanza, kipimo kikawa hakina maana na nauli ikapotea. Dawa za mitishamba, hata za mtu unayemheshimu, zipitie kwanza kwa daktari wa moyo. Dozi usipunguze wala kuongeza mwenyewe, hata mikono ikitetemeka. Piga simu.

Shangazi sikumwambia kwa ukali. Nilimwambia, "Shangazi, manjano tutayatia kwenye mchuzi, daktari karuhusu." Kopo akalichukua mwenyewe.

Wiki ile kaka alitolewa damu mara tatu, kiwiko kikavilia. Siku ya tano akanikunjulia mkono mezani, ngozi imeshaingia ukijani. "Mdogo wangu," akasema, "njoo umwone mtu wako yuko kazini." Kikombe alikuwa amekishika kwa mkono mmoja.