Jibu: tangi la shule na maji ya majirani

Umeuliza kama paa la bati la mita za mraba 200 linatosha kujaza tangi la lita 10,000, na shule igawane vipi maji hayo na majirani bila ugomvi. Linatosha sana. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Punguza asilimia 20 ya yanayopotea. Ikinyesha milimita 20 unapata kama lita 3,200, kwa hiyo mvua nne za hivyo tangi limefurika.

Shida iko kwenye maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege. Ili kuyanasa yasifike tangini, wengi hufunga kipande cha bomba la inchi 4 kilichozibwa chini. Hicho hubeba kama lita 8 kwa mita, na paa lako linataka kumwaga angalau 100! Weka pipa la lita 200. Likijaa, maji yanapita kwenda tangini. Chini yake toboa tundu dogo lijimwage polepole lenyewe. Koki ya mkono haifai: likizo hakuna wa kuifungua, na mvua inayofuata inasomba uchafu wote hadi tangini.

Ugomvi unakwisha kwa koki mbili. Ya wanafunzi iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, ya majirani katikati. Maji yakishuka nusu, ya majirani inakauka yenyewe, na mlinzi hatukanwi na mtu. Kaya zisizo na tangi zichote kwanza.

Bomba la kufurikia lisiwe jembamba kuliko la kuingizia, na lifungwe wavu wa mbu.